Zamu ya Pilipili

Jumatatu, 15 Septemba

Nimehamia Batsinda, hapa hapa Kigali, kwa Baba, mimi na cherehani yangu na mifuko ya vitambaa vya watu. Mvua ya kwanza ya umuhindo, vuli yetu, imetupokea mlangoni. Baba alipasuliwa mtoto wa jicho Ijumaa, jicho la kulia. La kushoto nalo lina ukungu vilevile, litafuata. Daktari alimkataza kuinama, kubeba vitu vizito na kusugua jicho, akamwambia asitarajie kusoma chochote mpaka apate miwani. Baba alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na simu?"

Daktari alicheka. Baba hakucheka.

Mume wangu Ntare anafanya kazi Huye, hurudi mwisho wa juma. Binti yetu Shimwa yuko shule ya bweni. Kwa hiyo nyumbani kwangu Kimironko sijamwacha mtu, nimeacha wateja wanaonung'unika tu. Daftari hili nimelinunua ili niandike dawa ya matone, lakini karatasi ni nyingi kuliko matone, nami nimeona nijazie. Naandika Kiswahili. Ndicho tulichozungumza Buyenzi, kule Bujumbura nilikozaliwa, na Baba, aliyekifundisha sekondari mpaka alipostaafu, hakukubali kife nyumbani kwake.

Jumanne, 16 Septemba

Matone. Mvua. Nimemaliza kola moja.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi nilikuwa nampa Baba uji, simu yake ikalia mlio wa ajabu, kama jiwe linaloanguka ndani ya kibuyu. Akaacha kumeza.

"Alida, soma hapo. Inasema nini?"

"Inasema: Zamu yako."

"Fungua."

Nikafungua. Kumbe ni igisoro! Ule ule mchezo wa mashimo na kete waliokuwa wakicheza wazee uani, sasa umo ndani ya simu. Kila mtu anacheza akiwa kwake. Ukishazungusha kete zako, unamwachia mwenzako, naye ana siku tatu za kujibu. Zikipita, mchezo unafungwa. Baba anaitwa "Mwalimu". Mpinzani wake anaitwa "Pilipili".

"Pilipili ni nani?"

"Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Anayecheza vibaya. Sasa sikiliza. Safu ya nyuma, shimo la tatu kutoka kushoto. Usibonyeze jingine."

Kumbe kabla ya upasuaji alikuwa akiisogeza simu mpaka iguse pua ndipo aone kete. Sasa haoni hata hivyo, lakini ubao wote anao kichwani. Nilibonyeza. Kete zikazunguka zenyewe, tak, tak, tak, zikala za Pilipili. Baba akataka nimsomee kila shimo lina ngapi. Halafu akasema, "Mtumie jogoo."

Mchezo huu hauruhusu kuandikiana. Una picha ndogondogo tu: jogoo, ng'ombe, mwavuli, kikombe cha chai, uso unaolia. Nikatuma jogoo. Punde Pilipili akajibu kwa nyuso zinazolia, msururu mzima. Nilipomwambia, Baba alitabasamu, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Nikamwambia, "Baba, na umri huo, unasubiri simu ilie kama kijana aliyetongoza?"

"Shona," akasema.

Ijumaa, 19 Septemba

Zamu yako, zamu yako. Siku nzima. Nimeshona mkono mmoja wa gauni, na huo mmoja nimeufumua.

Nilimlalamikia Ntare kwa simu. Yeye alikulia Mbarara na hana haraka na jambo lolote. "Mama Shimwa, mwache mzee," akasema. "Kuna wazee wanakunywa."

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa amekuja Usumani kumjulia Baba hali. Anatengeneza simu karibu na soko la Kimironko, na zamani alikuwa mwanafunzi wa Baba. Ameleta mayai.

"Mwarimu, iko sawa?"

"Mwalimu, Usumani. Mwa-li-mu."

"Ndiyo, mwarimu." Akakaa. "Sisi tulikuwa na wasiwasi. Jana ulicheza pole pole sana. Watu kule walisema, mwarimu iko na usingizi."

"Watu gani?" nikauliza.

Kumbe mchezo unaweza kutazamwa! Kuna watu, Kigali, Rubavu, hata Bujumbura, wanaofungua simu zao wakiwa kwenye foleni ya benki kuangalia Mwalimu na Pilipili wakilana kete. Usumani anawapenda hawa wawili kuliko mpira. Akaendelea kusifu, akasema, "Lakini Mzee Régis naye anajua, eh. Ile ya Alhamisi..."

Baba alikuwa amegeuzia uso dirishani.

Régis ni mdogo wake Baba, tumbo moja. Anaishi Gahanga na mkewe, Mama Mdogo Illuminée, wana ng'ombe na shamba la maharage. Hawajasalimiana na Baba tangu kuposwa kwa mdogo wangu Liliane, miaka sita sasa. Siku ile Baba Mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Ni mcheshi, alijibizana na wageni mpaka watu wakashika mbavu. Halafu akasema, mbele ya hema zima, "Nyinyi mmeleta ng'ombe kumposa binti yetu. Sisi kwetu ni tofauti. Huyu kaka yangu mnayemwona, mkewe ndiye aliyemposa yeye!" Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Mama yetu, Spéciose, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Baba alisimama, akatengeneza tai yake, akatoka. Baba Mdogo alikuja nyumbani kesho yake, na kesho kutwa. Hakufunguliwa.

Usumani alipoondoka nikasema, "Kwa hiyo unazungumza na Baba Mdogo."

"Sizungumzi naye. Nacheza naye."

"Na yule jogoo?"

"Jogoo si mazungumzo."

Jumanne, 23 Septemba

Nimemuuliza walianzaje. Anasema mwaka jana Usumani alimwekea mchezo huu simuni ili apoteze muda. Siku moja akatokea mtu wa kumwalika anayeitwa Pilipili. Nyanya alikuwa akimwita Régis hivyo utotoni, kwa sababu ya mdomo wake. "Nilimjua dakika ile ile," akasema Baba.

"Naye alikujua?"

"Walimu wako wengi nchini. Lakini nani mwingine angetumia safu ya nyuma namna ile?"

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, usafi wa pamoja wa mtaa. Nimeenda kuzibua mifereji na majirani, Baba amebaki. Nimerudi na matope mpaka magotini. Amenipokea kwa neno moja: "Imelia."

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimefanya kosa. Nilikuwa na uzi mdomoni na mteja kwenye simu yangu, Baba akanielekeza shimo, nikabonyeza la pembeni. Kete zikazunguka, zikaacha upande wetu wote wazi, hata mimi nikaona. Baba akasema kwa upole wake wa darasani, ule uliowatisha wanafunzi kuliko fimbo, "Sasa atatufagia."

Tukangoja. Pilipili alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Ilipolia, nikasoma ubao mara mbili. Hakutufagia. Alikuwa na nafasi ya kula kila kitu, akaenda kusogeza kete mbili tatu kwenye kona yake, mahali pasipo na faida yoyote. Chini yake alituma mwavuli.

Nilipomweleza, Baba akauliza, "Una hakika? Hakula?"

"Hakula hata moja."

"Amejua."

"Amejua nini?"

"Kwamba si mkono wangu."

Akaniambia nisitume picha yoyote. Nikaweka simu mezani, nikarudi kwenye cherehani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilikuwa nimemaliza pindo zima ndipo akasema, kana kwamba ni jambo lililompitia tu, "Mtumie kikombe cha chai."

Jumatatu, 6 Oktoba

Kikombe cha chai kimejibiwa kwa ng'ombe. Baba anasema maana yake ni maziwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Ntare amekuja, tumekula isombe, yaani kisamvu, amelala kwenye kochi mvua ikinyesha. Siku nzuri.

Nimeanza kuelewa jambo kuhusu Baba. Asubuhi, kabla simu haijalia, huwa anaiwekea mkono juu, kama mtu anayepima joto la chungu. Ikilia mapema anasema, "Amemaliza kukamua." Ikichelewa anasema, "Leo amepeleka maziwa mwenyewe." Jana Pilipili alicheza harakaharaka, mchezo wa kijinga, Baba akatikisa kichwa: "Illuminée anamgombeza. Anataka amalize ili amsikilize." Sijui kama ni kweli. Lakini kwa miaka hii yote mimi nilidhani mzee wangu hajui hata kama mdogo wake yu hai, kumbe anajua siku aliyolala vizuri.

Na mimi, sitaki kumwambia mtu, leo niliona shimo zuri kabla Baba hajalitaja.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumeshinda mchezo. Aliyeshindwa ndiye anayeomba mwingine, hiyo ni sheria yao. Pilipili ameomba kabla chai haijapoa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua kubwa tangu asubuhi, ya upepo. Mabati ya jirani yameng'oka upande mmoja. Barabara za chini zimejaa maji, mteja aliyekuwa aje kupima amekwama. Tulicheza mchana, tukamtumia mwavuli.

Hajajibu.

Jumanne, 21 Oktoba

Hajajibu. Baba anasema umeme umekatika Gahanga.

Mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Hajajibu. Nimempigia Usumani kisirisiri nikiwa jikoni. Amesema umeme wa Gahanga uko sawa, ana mteja kule. Namba ya Baba Mdogo ameijaribu mwenyewe, haipatikani. "Hata watazamaji wanauliza," akasema. "Mimi niliwaambia, muache, mzee iko na shughuri."

Mchana, siku mbili zilipotimia, kitufe kipya kimetokea chini ya ubao: Dai ushindi. Nilimsomea Baba.

"Usikiguse."

"Siwezi kukigusa, Baba."

"Weka simu mbali na kitambaa. Kitambaa kinaweza kukigusa."

Hakula chakula cha mchana. Nikamwambia tumpigie Mama Mdogo Illuminée, ninayo namba yake. Akakataa. Nikamwuliza sababu, akasema mtu aliyegonga mlango mara mbili akanyimwa, huwezi kumpigia simu ukamuuliza kwa nini hachezi. Nikasema basi nitapiga mimi, mimi sikumfungia mtu mlango. Akasema, "Wewe ni vidole vyangu. Kwake wewe ni mimi."

Nilikasirika. Nilimwambia ana kiburi cha bure, na Mama angekuwepo angemwambia hivyo hivyo. Sijawahi kumsemesha Baba namna hiyo. Hakunikemea. Alipapasa meza mpaka akaipata simu, akaishika tu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nina mengi ya kuandika leo.

Asubuhi nilimkuta Baba amekaa kwenye kochi amevaa suti. Tai ameifunga kwa kupapasa, imekaa upande.

"Mchezo utafungwa leo," akasema. "Tafuta gari."

Daktari alikataza jicho lisiingie maji, na nje mvua ilikuwa ikinyesha kama imelipwa. Nilimvika koti langu la mvua lenye kofia juu ya suti, nikamvalisha miwani nyeusi, nikamshika mkono. Mama mmoja jirani akauliza kama tunaenda mazishini. Baba akasema, "Tunaenda kutazama."

Gari la kukodi lilitufikisha mpaka mwisho wa lami. Dereva akatazama tope, akatazama magurudumu yake, akasema samahani. Tukatembea. Baba alikanyaga pale nilipomwambia akanyage, na kila alipoteleza alinishika bega akaomba radhi kama mgeni. Maharage ya watu yalikuwa yamelala chini kwa mvua. Hakuuliza bado mbali kiasi gani. Aliuliza mara moja tu, "Unaona ng'ombe wao?" Nikasema naona. "Nani anakamua?" Nikamvuta mkono tuendelee.

Mama Mdogo Illuminée alikuwa uani na jembe, anachimbia maji njia. Alipotuona aliliacha likaanguka.

"Mon Dieu. Alida? Na huyu ni... Shemeji!"

"Yuko wapi?" Baba akauliza.

"Yuko ndani, Shemeji. Hajafa. Msiogope, hajafa." Akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Jumatatu alipanda ngazi kuzibua mfereji wa bati. Kwenye mvua! Nilimwambia, Régis, teremka. Hasikii. Ngazi ikateleza, yeye huku, simu huku, simu ikaingia kwenye tangi la maji. Amevunjika mkono na mfupa wa hapa, begani. Tumelala hospitali siku mbili, tumerudi jana."

"Kwa nini hukutuambia, Mama Mdogo?" nikasema.

"Alinikataza! Alisema, kaka yangu atadhani natafuta huruma." Akamtazama Baba, miwani ile, koti lile la kike. "Na wewe, Shemeji? Macho yana nini?"

"Nilipasuliwa," akasema Baba.

"Lini?"

"Septemba."

"Na hukutuambia?"

Mama Mdogo akatikisa kichwa, akatushika wote wawili mikono, akatuingiza ndani.

Baba Mdogo alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani kwa plasta na vitambaa, kunyoa hajanyoa. Alipoona mlango unafunguka akasema, "Illuminée, nani huyo?" Halafu akaona. Mzaha wote ukamtoka usoni. Akajaribu kusimama, akashindwa.

Baba alisimama pale mlangoni, maji yanamtiririka kwenye koti. Alikuwa haoni mtu, anaona kivuli tu, lakini alikielekea kivuli chenyewe.

"Zamu yako," akasema.

Kuku aliingia, akatoka.

"Simu imezama, Kaka," akasema Baba Mdogo.

"Tumia ya mkeo."

"Nitabonyezaje? Mkono wa kulia ndio huu."

"Illuminée ana mikono."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba akakalishwa kwenye kiti mkabala naye. Tukaufungua mchezo kwenye simu ya Mama Mdogo, ukaomba neno la siri. "Andika Buyenzi," akasema Baba Mdogo, akitazama ukuta. Saa zilikuwa zimebaki chache, lakini zilikuwepo. Mimi nilikuwa vidole vya Baba, Mama Mdogo vidole vya mumewe, naye hajawahi kuucheza mchezo huu maishani. Chumba kizima kilikuwa mita chache, lakini wale wawili hawakusemeshana.

"Mwambie Shemeji yako," Baba Mdogo akamwambia mkewe, "kwamba alinifanyia hila Jumatatu."

"Mwambie Baba yako Mdogo," Baba akaniambia, "hila ni ya asiyejua kuhesabu."

"Mwambie ile siku ya kosa lake nilimwonea huruma."

"Mwambie niliona."

"Mwambieni wenyewe!" Mama Mdogo akafoka. "Mimi hapa natafuta shimo la tano, mnanichanganya!"

Halafu Baba Mdogo akacheka, akashika bega kwa maumivu, akacheka tena. Baba alikuwa ameuma midomo. Nilimwona anapigana nacho kile kicheko, kikamshinda.

Kilipotulia, Baba Mdogo akasema, sasa kwake moja kwa moja, "Kaka. Ile siku ya Liliane."

"Ulisema kweli," Baba akasema. "Ndilo kosa lako. Ungesema uongo ningecheka na wengine."

"Tangu tumzike Spéciose hukumtaja tena. Miaka miwili. Ukija hapa, hutaji. Watoto wako wanaogopa kumtaja mbele yako. Nikaona, leo mwanawe anaposwa, watu wamejaa, na jina lake halijatoka kinywani mwa mtu hata mmoja. Nilitaka Spéciose naye acheke na sisi. Ulimi wangu unaujua. Maneno yalitoka vile yalivyotoka."

Nilikuwa nimeshika simu, sikujua niangalie wapi. Ilikuwa kweli kwamba tulikuwa tukiogopa. Mimi na Liliane tulikuwa tukimtaja Mama kwa kunong'ona jikoni, kama watoto wanaoiba sukari.

Baba akavua miwani nyeusi. "Ningependa kusimulia mwenyewe."

"Basi simulia," akasema Baba Mdogo. "Nani anakuzuia?"

Akasimulia. Alisema Mama alikuwa akiuza vitumbua asubuhi karibu na shule aliyoanzia kazi, Buyenzi, naye alikuwa akinunua kila siku, anakula amesimama, anasema asante, anaondoka. Hakuwa na njaa. Hata vitumbua havipendi, vinamletea kiungulia. Ikapita miezi. Siku moja Mama akafunika kikapu kwa kitambaa, akamwambia, "Mwalimu, utakula vitumbua mpaka lini? Nenda ukanipose kwa baba yangu. Usipokwenda, mimi nitamtuma baba yangu aje akupose wewe."

"Nawe ukasemaje?" Mama Mdogo akauliza, simu ameisahau mapajani.

"Nikasema, 'Naomba na viwili vya kesho.'"

Tulicheka mpaka ng'ombe akalia nje. Baba alikuwa akicheka na machozi yanateremka, akapeleka kidole, nikapiga kelele, "Usisugue jicho!" naye akaushusha mkono kama mtoto.

Tulikula ndizi na maharage pale. Mvua ilikatika alasiri. Jirani yao mwenye gari la juu, lisiloogopa tope, ndiye aliyeturudisha. Mchezo haukuisha, umebaki wazi, na zamu ni ya Baba Mdogo.

Karibu na nyumbani Baba alipapasa shingo yake. Kisha akasema, "Alida, tai yangu ilikuwa imenyooka?"

"Imenyooka kabisa, Baba."

Ijumaa, 24 Oktoba

Daktari amelikagua jicho. Liko salama. Amemgombeza Baba, amenigombeza na mimi.

Jumapili, 2 Novemba

Baba amemtaja Mama mara mbili mezani, bila sababu. Mara moja kwa ajili ya chumvi.

Jumamosi, 15 Novemba

Miwani imefika! Baba ameivaa, amesoma gazeti lote, hata matangazo ya tenda, amegundua makosa ya sarufi, amefurahi sana. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Mimi nilikuwa na mkono tayari hewani. Nimeushusha, nimejifanya natafuta mkasi.

Jumatano, 19 Novemba

Vidole vyangu vimekosa kazi. Nilimwomba Usumani aniwekee mchezo kwenye simu yangu, akacheka kwa heshima, vile anavyojua yeye. Nimecheza na mama mmoja wa Rubavu nisiyemjua. Alinila vibaya. Nikamtumia uso unaolia, akanitumia kikombe cha chai. Nimejiona nimefarijika, kwa mtu ambaye hata sura yake sijui.

Jumapili, 30 Novemba

Baba Mdogo ameletwa Batsinda, plasta imetolewa, amebeba ubao halisi wa mbao kwa mkono wa kushoto. Niliandaa chai, nikategemea kuona jambo zuri la kukumbuka. Walicheza michezo miwili. Wa kwanza waligombana juu ya sheria ya Bujumbura na sheria ya huku. Wa pili Baba Mdogo alisimulia hadithi ya daktari, ya ngazi, ya ng'ombe, mpaka Baba akapoteza hesabu, akaweka kete chini, akasema, "Régis, nakupenda, lakini huchezeki."

Wakauacha ubao, wakanywa chai, wakazungumza mambo ya watu. Baba Mdogo alipofika Gahanga jioni, simu ya Baba ikalia.

Nikamuuliza, sasa mnaonana, mnapigiana simu, mchezo wa nini tena? Hakuinua macho.

"Gahanga siwezi kwenda kila asubuhi," akasema. "Na simu ukipiga lazima uwe na neno. Mimi asubuhi sina neno. Nina shimo la tatu kutoka kushoto."

Jumatano, 10 Desemba

Nimerudi nyumbani Kimironko. Mvua zimepungua, nguo zinakauka kwa siku moja. Jicho la pili litapasuliwa Januari. Mama Mdogo Illuminée amesema safari hii atakwenda yeye, mimi nishone nguo za watu. Usumani amepita, ameniambia watazamaji wa Mwalimu na Pilipili wameongezeka, na sasa wanalalamika kwamba wazee wanacheza kwa furaha mno, hawana ukali.

Mwisho wa juma nilimwonyesha Ntare namna ya kucheza. Alisema hana muda, ana kazi nyingi Huye, mchezo wa wazee huu. Jumatatu akanialika. Anajiita "Dereva wa Zamani", sijui kwa nini, hajawahi kuwa dereva. Miaka yote hii akiwa Huye, tulikuwa tukipigiana jioni tu: umekula, Shimwa amepiga, usiku mwema. Sasa najua saa anapopata chai na saa mkutano unapomchosha.

Leo Ingrid, mteja wangu, alikuja kupima gauni la harusi ya dada yake. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo, pini zimejaa mdomoni, simu ikalia. Nikanyoosha shingo kuangalia.

"Kuna habari mbaya?" akauliza Ingrid kutoka juu.

Nikatoa pini. "Ni mume wangu. Amekula kete zangu zote za mbele."

Ingrid akakusanya gauni lake kwa mikono miwili ili lisiguse sakafu, akainama juu ya bega langu kuutazama ubao.

"Mlipize kwanza," akasema. "Mimi nitasimama."